Teke la Hendeli

Mkono wa utingo wangu ulivunjika asubuhi kweupe, mbele ya watu, katika kambi moja ya dhahabu upande wa Geita. Mimi nilikuwa nyuma ya usukani. Yeye alikuwa mbele ya lori ameshika hendeli, ile fimbo ya chuma tuliyoizungusha kwa mkono kuwasha injini. Betri yetu ilikuwa imechoka zamani, imebakiwa na nguvu ya cheche tu, na tajiri hakuona haja ya kununua nyingine wakati watu wenye mikono wapo.

Alizungusha, injini ikakataa. Akazungusha tena, ikawa nzito kama imeshikwa kwa ndani. Akavuta pumzi, akajitupa juu ya hendeli kwa uzito wake wote, na injini ikapiga teke. Hendeli ilirudi kinyume na kumpata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo cha kiganja. Nilisikia mlio hadi pale nilipokaa, mlio mkavu, wa kuni.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye vumbi, akaukumbatia mkono uliovunjika kwa ule mzima, akasema, "Dereva, zima."

Hapakuwa na cha kuzima. Injini haikuwa imewaka.

Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, Msumbwa, nyumbani kwake karibu na Masumbwe. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, na tukishaingia garini yeye aliniita dereva na kufanya ninalomwambia. Hivyo ndivyo tulivyogawana heshima, na tulikuwa tumesafiri pamoja miaka kadhaa tukipeleka mafuta, unga na mbao huko kwenye machimbo na kurudi na pamba ya njiani hadi stesheni ya Shinyanga. Hatukuwahi kugombana.

Wachimbaji wakambeba hadi kibanda cha dresa, yule mtu wa dawa na bendeji aliyewatibu watu wa kambi. Lori likabaki pale pale, limeziba njia ya vitoroli vya mawe. Msimamizi wa Kizungu akaja ananitukana kuanzia mbali. Nilipomwambia haliwaki, alitukana upya, akaita watu walisukume pembeni. Walilisukuma huku wakinilaani kwa lugha zao, na wengine kwa Kiswahili ili nisikose kusikia.

Jua halijafika utosini akaja mtu mfupi, mpana wa mabega, amejaa vumbi la shimoni. Alikuwa mdogo wake utingo, naye alichimba katika kambi ile ile.

"Wewe ndiye uliyemvunja kaka yangu?"

"Si mimi. Ni injini."

"Injini ina baba? Ina mama? Ina ukoo nitakaouendea?" Akavuta jiwe, akaketi mbele ya lori. "Huondoki hapa mpaka nijue ni nani."

Kuanzia hapo hakuna aliyeniuzia chakula wala kunionyesha maji yalipo. Nilikunywa maji ya debe la rejeta, yenye ladha ya kutu, na kulala juu ya magunia matupu. Dereva wa lori jingine la tajiri wetu alikuwa akirudi Shinyanga siku ile ile, nikamtuma apeleke habari na aniletee fundi. Nilijua fundi atakayeletwa ni yupi, kwa sababu tajiri alikuwa na fundi mmoja tu.

Fundi huyo alikuwa shemeji yangu. Niliwahi kumwoa dada yake, msichana wa Kisukuma kutoka vijiji vya nje kidogo ya mji. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa watu waliofika Shinyanga na biashara, na nyumba zetu mbili hazikuwahi kuelewana hata siku ya harusi. Msimu mmoja wa mvua mke wangu alikwenda kwao kusalimia na hakurudi. Kwao walisema nimemfukuza, kwetu walisema amenikimbia. Sitaandika hapa nani alisema kweli, maana yeye mwenyewe hayupo kujibu. Ninachosema ni kwamba kaka yake alinichukia tangu siku hiyo, nami nikamchukia yeye, na tajiri mmoja akatulisha sote wawili. Aliendelea kuniita shemeji. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema ganda la muwa.

Siku ya tatu lori lile jingine likamleta. Aliposhuka na sanduku lake la spana aliwasalimia wachimbaji, akamsalimia mdogo wake utingo, akauliza hali ya mgonjwa. Kisha akanigeukia bila kunipa mkono.

"Shemeji. Umeiua."

"Uliiua wewe," nikamjibu. Wiki chache kabla ya safari alikuwa ameifungua injini yote na kuirudisha na metali mpya, vile vipande laini vinavyoushika mhimili wa injini. "Metali ulizotia zinabana. Mtu mzima anajitupa juu ya hendeli na haizunguki."

"Metali zangu?" Akacheka bila kufungua meno. "Umeendesha bila maji. Pistoni zimevimba, zimeshika. Ndiyo tabia yako. Kitu hukikumbuki mpaka kikauke."

Nilijua kwamba hazungumzii injini peke yake. Nikamwambia kuna watu hutoa kwao kitu kibovu, kikiwarudia wakadai kimeharibiwa njiani. Uso wake ukabadilika. Mdogo wake utingo akapiga jiwe lake kwa kiganja.

"Nyinyi mnaongea habari gani? Kaka yangu analia huko kibandani. Fungueni hilo gari!"

Tukafungua boneti.

Jambo la kwanza tulilokubaliana, tulikubaliana kwa sababu kila mmoja alitaka kumwona mwenzake akianguka. Tukatoa plagi zote. Plagi zikitoka, hewa haibanwi tena ndani ya silinda, na injini huzunguka bila kushindana na mtu. Kama metali zinabana, itabaki nzito. Kama pistoni zimeshika, itabaki nzito vilevile, au isizunguke kabisa.

"Zungusha," akaniambia.

"Zungusha wewe. Ni kazi ya mikono yako."

Akaishika hendeli. Ilizunguka. Ilizunguka kwa mkono mmoja, laini, hewa ikitoka kwenye matundu ya plagi kwa sauti ya mtu anayepuliza moto. Akaizungusha tena, polepole, sikio lake karibu na chuma, akitafuta mkwaruzo wa pistoni zangu. Nikamnyang'anya, nikazungusha mimi nikitafuta mbano wa metali zake. Hapakuwa na kitu. Tuliangalia chini wote wawili. Sijui kati yetu ni nani aliyeumia zaidi.

Tukarudisha plagi, lakini tukaacha swichi ya moto imefungwa. Sasa hendeli ilikuwa nzito kama hendeli yoyote: inapanda kwa kushindana, inafika juu, inaachia, inapanda tena. Haikupiga mtu.

"Mbona sasa imetulia?" akauliza yule aliyekaa juu ya jiwe.

"Kwa sababu hatujaipa moto," shemeji akamjibu.

Alipolisema hilo nilimwona amesimama, macho yake yamekwenda mbali. Nami nilikuwa nimefika pale pale alipofika. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, isije ikaonekana amemfuata mwenzake.

Akafungua swichi. "Shika hendeli, shemeji."

"Shika wewe, fundi."

"Unaogopa? Aliyevunjika ni utingo wako. Wewe ulikuwa umekaa."

Hapo nikaishika. Kuna namna ya kushika hendeli usiyoiamini. Dole gumba unaliweka upande mmoja na vidole vyako, hulizungushi, na unavuta kwenda juu tu, husukumi chini kamwe. Ikirudi, inakuteleza. Utingo aliijua namna hiyo kuliko mimi, lakini injini inayomkatalia tena na tena humfanya mtu ajitupe. Nikavuta. Nilihisi ule uzito usio wa kawaida, kama mtu anasukuma kutoka ndani, kisha hendeli ikachomoka vidoleni ikarudi kinyume na kupiga hewa. Kucha zangu mbili zikageuka nyeusi.

"Moto unawahi," tukasema wote kwa pamoja. Tulikasirika.

Kwa asiyejua, mambo yalikuwa hivi. Pistoni hupanda ikibana hewa na petroli, na inapofika juu ndipo cheche ya plagi inapotakiwa kuwasha, ili mlipuko uisukume chini. Cheche ikija mapema, pistoni ingali njiani inapanda, mlipuko unaikuta na kuirudisha ilikotoka, pamoja na hendeli, pamoja na mkono wa mtu. Lakini injini ikishakuwa katika mwendo wa kasi, cheche inatakiwa iwahi kidogo, la sivyo gari linakosa nguvu. Kwa hiyo malori ya siku zile yalikuwa na kijiti chini ya usukani. Unakisukuma juu kuchelewesha moto wakati wa kuwasha, na unakishusha gari likishanguruma.

"Hukukipandisha," akasema shemeji.

"Kiko juu. Tazama."

"Umekipandisha sasa, ulipoona nimekuja."

"Hajagusa kitu humo ndani," akasema mdogo wake utingo. Hakulisema kwa kunitetea. Uso wake ulikuwa ule ule. "Tangu asubuhi ile nilipokuja nimekaa hapa namtazama. Hajagusa."

Shemeji akazunguka upande wa usukani. Akaingia, akashika kijiti, akakishusha na kukipandisha. "Angalia huko kama kitu kinatembea."

Niliinama ndani ya boneti. Kutoka kwenye usukani kulikuwa na fimbo nyembamba iliyokwenda hadi kwenye distribyuta, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, na kukigeuza kidogo mbele au nyuma.

"Hakitembei," nikasema.

"Tazama vizuri."

"Njoo utazame mwenyewe!"

Akaja. Tulikuwa tumegusana mabega, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu harusi. Akaingiza mkono nyuma, pale ambapo mafuta na vumbi vilikuwa vimeganda kama ngozi, akavuta ncha ya fimbo. Ilikuwa inaning'inia. Kiungo chake kilikuwa kimelika, kimechomoka. Na kile kikono cha distribyuta kilichotakiwa kushikwa na fimbo kilikuwa kimefungwa waya, waya imara uliozungushwa na kukazwa, upande ule wa moto wa mapema. Ungeweza kupandisha kijiti cha usukani hadi kiyama, moto usichelewe.

Mtu atauliza kwa nini sikuuona waya huo mara tulipofungua boneti. Lori lile lote lilikuwa limefungwa kwa waya. Mlango wangu, taa, bomba la moshi, hata kiti. Waya mmoja zaidi haukuwa kitu cha kushtua macho.

"Shemeji," akasema polepole, "wewe kweli ni muuaji. Umefunga moto kwa waya, halafu umemwita mzee azungushe."

"Sikufunga mimi. Wewe ndiye uliyeirudisha injini. Kiungo kimelika, hukukibadilisha, ukafunga waya ukajua sitatazama."

"Mimi nifunge hivi? Mimi?"

"Nani mwingine?"

Akanikamata kifuani, vifungo vikaruka. Nilikuwa na spana mkononi, na nitasema wazi kwamba niliinua. Mdogo wake utingo alikuwa amesimama, lakini hakuja kutuamua. Alikuwa anangoja ajulikane ni yupi kati yetu, apate wa kuanza naye.

"Acheni," ikasema sauti nyuma yetu. "Ni mimi."

Utingo alikuwa ametoka kibandani kwa miguu yake, mkono umefungwa kwenye vijiti vya mbao na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mdomo ulikuwa umemkauka. Akatueleza akiwa amesimama hapo. Tulipopita Masumbwe nilikuwa nimeingia msikitini kuswali adhuhuri, nikaacha injini inanguruma, kama tulivyozoea kwa sababu ya betri. Nyuma yangu injini ikaanza kutetemeka na kutaka kuzimika. Akafungua, akaona fimbo imechomoka na kile kikono kinacheza. Akakisogeza kwa kidole huku na huku.

"Nilipokifikisha pale, injini ikaimba," akasema. "Iliimba vizuri. Nikaifunga pale."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Tajiri alisemaje? Utingo atakayegusa injini, arudi kwao."

Ni kweli. Alilisema hilo mbele yetu sote. Na toka Masumbwe hadi kambini hatukuzima gari, ndiyo maana lori lilitembea vizuri njia nzima na kumngojea asubuhi.

Mdogo wake akalitazama jiwe alilokalia, akalipiga teke likabingirika. Hakuwa tena na mtu wa kuanza naye. Shemeji akaniachia shati.

"Mzee," akasema, "ulifunga moto wa mwendo. Wa kuwashia ni mwingine." Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwambia baba yake kwamba amevaa kanzu ndani nje. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwake tangu dada yake aondoke, na ilinichoma kuliko matusi, kwa kuwa niliona kwamba anayo na mimi ananinyima.

Akakata waya. Akakata kipande cha ngozi kwenye mkanda wake mwenyewe, akakishindilia ndani ya kiungo kilicholika, akarudisha fimbo na kuikaza. Nikapandisha kijiti, yeye akavuta hendeli. Injini ikawaka papo hapo, bila ugomvi wowote. Hakuna aliyefurahi. Mdogo wake utingo akasema, "Basi ondokeni na kitu chenu," akarudi shimoni.

Tukamchukua mzee katikati yetu hadi nyumbani kwake. Mkewe alitoka, akauona mkono, akaingia ndani tena bila kutukaribisha. Kutoka hapo tulibaki wawili. Mbung'o waliingia dirishani wakatunyonya shingo, na kila mmoja aliua wa kwake. Tulipoiacha Kahama nyuma nikamuuliza, "Kwa tajiri tutasema nini?"

Akaua mbung'o shingoni kwake.

"Tuseme kiungo kililika, fimbo ikachomoka. Ndiyo kweli yenyewe. Waya hatuutaji."

Akatazama njia. Nikakuchukulia kunyamaza kwake kuwa ni kukubali, kosa ambalo hata mtoto wa Kisukuma hawezi kulifanya, maana kwao anayenyamaza bado anafikiri.

Tajiri alitukuta barazani kwa ghala lake la pamba. Shemeji akamweleza mambo yote kwa utaratibu: hendeli, plagi, kijiti, fimbo. Halafu akatia mkono mfukoni akatoa ule waya, akaunyoosha juu ya kiganja.

"Nani alifunga huu?" tajiri akauliza.

"Dereva."

Nilimgeukia. Hakupepesa. Alijua, na alijua kwamba nami najua. Nikikana, waliobaki ni yeye na mzee, na tajiri hangemshuku fundi wake. Tajiri aliuliza kama nina la kusema. Nikasema sina. Akaniambia niache ufunguo wa swichi juu ya meza, nisionekane tena uani kwake.

Nilimngoja shemeji nje, karibu na mzani wa pamba. Alipotoka nikamuuliza kwa nini.

"Ulitaka nimtaje mzee?"

"Ungesema kimelika tu!"

"Kikilika ni kazi yangu. Ningeondoka mimi." Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Wewe huna mtu nyumbani, shemeji. Uliyekuwa naye yuko kwetu, tunamlisha sisi."

Nikampiga. Alikuwa na nguvu kunishinda, na tulianguka sote kwenye mabaki ya pamba, tukapigana hadi wapagazi wakatutenganisha kwa kutuvuta miguu. Jino langu la pembeni liliondoka siku ile. Yeye nilimpasua nyusi, na kovu hilo alizeeka nalo.

Nilikaa bila kazi msimu mzima, kisha nikapata lori la mtu mwingine, mnunuzi wa ngozi. Mkono wa mzee uliunga vibaya. Hakuweza tena kuinua gunia wala kushika hendeli, lakini akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala lile lile la pamba, akahamia mjini na mkewe. Nilidhani tajiri alimhurumia. Mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba shemeji alikwenda kumwombea, akarudi tena kumwombea, na akatishia kuacha kazi. Aliniambia hayo akitaka moyo wangu ulainike. Haukulainika. Nilimchukia zaidi, kwa kunifanya nione kwamba alikuwa na wema wa kutosha na bado akachagua jina langu.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, mzee alinialika kwake kula. Nilipoingia nikamkuta shemeji ameshakaa mkekani. Naye alinyanyuka kutaka kutoka, mzee akamwambia, "Kaa." Nami akaniambia, "Kaa." Tukakaa. Mkewe akaleta ugali mmoja na bakuli moja la nyama. Mzee akatuomba radhi kwamba atakula kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haushiki tonge tena. Tulisema hapana neno, kila mmoja kwa sauti yake. Alizungumza peke yake, habari za mvua, habari za pamba, akitutupia maneno mmoja mmoja, nasi tukamjibu yeye tu. Nilimega upande wangu na shemeji akamega upande wake, hadi ukabaki ukuta mwembamba wa ugali katikati ambao hakuna aliyeugusa.

Tukanawa. Tukamshukuru mwenye nyumba. Shemeji akashika njia ya stesheni, mimi nikashika ya sokoni.